Sampuli Tupu

Bwana afya alifika soko la Kwa Mrombo Jumanne saa nne asubuhi akiwa na mgambo wawili, bahasha ya karatasi na galoni la mafuta ya taa. Ilikuwa Novemba 1997, mwaka wa zile mvua ambazo redio ilizipa jina la El Niño, na asubuhi hiyo zilikuwa zimepumua kidogo. Wanawake walikuwa wametoa mabeseni yao nje ya maturubai. Bwana afya hakusalimia mtu. Alisimama katikati ya njia akasoma kwa sauti ya kuita kwaya: uchunguzi wa kitaalamu umeonyesha kwamba uyoga wa porini wa miteremko ya Mlima Meru una metali nzito, hasa risasi, ile inayotiwa ndani ya betri za magari, kwa kiwango kinachodhuru binadamu. Kuanzia leo ni marufuku kuuza, kununua au kusafirisha uyoga huo. Ijumaa ya wiki ijayo kamati ya afya itakaa kuifanya marufuku hiyo kuwa ya kudumu.

Akakunja karatasi, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Tabea.

Hakumchagua kwa chuki. Msimu ule hakuna aliyekuwa na uyoga mwingi kama Tabea: mabeseni matatu ya mbichi na kikapu cha mkavu. Mgambo walivibeba hadi kwenye shimo la taka, wakamwaga, wakamimina mafuta ya taa juu yake. Uyoga mbichi hauwaki vizuri. Ulitoa moshi mzito wenye harufu ya chakula, na watu wa soko zima waligeuka kutazama.

"Haya, Mama Mika," alisema Kandida, mwanamke wa Kibosho aliyeuza viazi meza ya pili. "Kumbe tulikuwa na duka la sumu hapa na hatujui. Na mimi juzi nimekula bakuli zima. Nikifa, viazi vyangu visiguswe."

"Hufi wewe," Tabea alijibu bila kugeuka. "Ungekuwa wa kufa ungekufa kwa maneno yako."

Kandida alicheka, lakini wauza uyoga wengine wanne hawakucheka. Walikuwa wakimtazama Tabea kwa jicho lingine. Walijua, na yeye alijua kwamba wanajua, kuwa mwezi uliopita yeye ndiye aliyempandisha mlimani yule kijana wa maabara na kumwonyesha mahali anapochuma.

Tabea aliwafuata mgambo hadi kwa bwana afya. "Naomba nakala moja ya hiyo ripoti."

"Ya nini, mama? Imeandikwa Kiingereza."

"Jedwali halina Kiingereza. Nipe."

Alipewa, kwa sababu zilikuwa nyingi na mvua ilikuwa inarudi.

Alisomea chini ya turubai la Kandida. Darasa lake lilikuwa la saba tu, lakini kwa miaka kumi na saba alikuwa ameosha vyombo vya kioo katika maabara ile ile iliyopima uyoga huu. Aliingia kama mfagizi. Mkemia mmoja mzee, aliyestaafu baadaye, alimwona akisugua chupa moja mara tano, akamtoa kwenye ufagio na kumfundisha kuosha: sabuni, kisha kulaza katika beseni la asidi usiku kucha, kisha kusuuza mara tatu kwa maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji safi, kisha kukausha mdomo ukiwa chini juu ya karatasi safi. Mwaka 1994, serikali ilipopunguza wafanyakazi, Tabea alipewa barua ya mistari minne. Ilisema nafasi yake haihitajiki tena.

Jedwali lilikuwa na maeneo matatu. Yote matatu yalikuwa yake. La juu, mpakani mwa msitu, kwenye visiki vya zamani. La kati, katika malisho. La chini, katika korongo linaloshuka kuelekea barabara kuu ya Moshi. Kila eneo lilikuwa na sampuli tatu za uyoga na moja ya udongo, na namba zote zilikuwa za miligramu za risasi katika kilo moja ya kitu kikavu. Kikomo walichokitumia kilikuwa tatu.

Uyoga wa msituni: nne, ishirini na moja, sitini na mbili. Udongo wa hapo hapo: kumi na moja.

Tabea aliisoma safu hiyo mara mbili. Sampuli zote tatu zilitoka kwenye kisiki kimoja. Yeye mwenyewe ndiye aliyezichuma na kumkabidhi kijana. Uyoga wa kisiki kimoja, wa siku moja, ukawaje mmoja na nne na mwingine na sitini na mbili? Na ule wa sitini na mbili uliipata wapi risasi hiyo, ikiwa udongo wa pale una kumi na moja tu? Alishuka na kidole hadi mwisho wa jedwali, akizipita namba za maeneo mengine mawili bila kuzisoma, akitafuta mstari wa mwisho. Haukuwepo.

"Mbona umenuna hivyo?" Kandida aliuliza. "Wamekuandika jina?"

"Kuna mstari wameuacha."

"Mstari! Mtu amechomewa beseni tatu, analilia mstari."

"Beseni nitajaza tena. Mstari huo nisipouona, sitauza tena hata uyoga mmoja."

Asubuhi ya Jumatano alishuka mlimani, akapita Kaloleni kwa miguu, akafika kwenye maabara iliyokuwa nje kidogo ya mji, upande wa Njiro. Mlinzi alikuwa mpya. Alimwambia anamtafuta Bwana Allen, yule kijana wa sampuli, kwa habari ya uyoga, na hilo halikuwa uongo.

Allen alitoka akiwa na koti jeupe lililopigwa pasi. Alikuwa kijana wa Machame, mwaka wa pili kazini, mwenye adabu nyingi na usingizi kidogo.

"Shikamoo, mama. Pole sana. Nimesikia wamechoma."

"Marahaba. Pole haipimi kitu, baba. Sampuli tupu iko wapi?"

Allen alimtazama kama mtu aliyesalimiwa kwa jina lake la nyumbani katika nchi ya ugenini. Sampuli tupu ni chombo kisichotiwa uyoga wala udongo. Hutiwa asidi na maji tu, kikachemshwa na kupimwa kama vingine, ili uchafu wa maabara yenyewe ujulikane na usihesabiwe kuwa wa uyoga.

"Nilipima, mama. Ilikuwa sifuri. Sikuiweka kwenye jedwali kwa sababu haikuwa na cha kuonyesha."

"Uliipima kwenye chombo gani?"

"Kwenye kichupa cha plastiki. Kipya kabisa, nilikifungua siku hiyo."

"Na uyoga?"

"Kwenye flaski. Hizi za kabati la..." Allen aligeuka kutazama chumba cha kuoshea.

"Basi umepima asidi yako, nayo ni safi, hongera," Tabea alisema. "Flaski hujazipima. Nani anaziosha siku hizi?"

Alimwonyesha. Kibarua wa siku alikuwa kwenye sinki na pakiti ya sabuni ya unga, akisuuza flaski kwa maji ya bomba na kuzipanga zikiwa bado zinatiririka. Beseni kubwa la asidi lilikuwa pale pale lilipokuwa zamani, kona ya chumba, ila ndani yake mlikuwa na mafaili ya miaka ya nyuma. Flaski zote, za udongo, za maji, za chakula na za madini, zilikaa kabati moja.

"Na hizi mnazitumia kwa kazi gani nyingine?"

"Kazi za wateja, mama. Siku hizi tunapima kwa malipo. Wachimbaji wanaleta mawe. Na yule bwana anayeyeyusha betri kule chini analeta risasi yake kila wiki, tunampimia usafi wake kabla hajaiuza nje."

"Risasi yenyewe. Ndani ya flaski hizi."

"Ndiyo." Sauti ya Allen ilishuka. "Ndani ya hizi."

Mlango ulifunguliwa. Bwana Philemoni, mkuu wa maabara, alisimama na miwani mkononi. Ni yeye aliyesaini barua ya mistari minne.

"Tabea! Salama? Nani kakuruhusu chumba cha kuoshea? Wewe si ulipunguzwa?"

"Nilipunguzwa mimi, Bwana Philemoni. Uchafu mliubakiza."

Philemoni hakupenda jibu hilo, ila hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema ripoti imeshatoka, imeshapokelewa, na mashine ya kupimia ina foleni ya wateja hadi mwisho wa mwezi. "Huwezi kuingia kutoka sokoni ukaniambia kazi ya mkemia ni batili kwa sababu ya sabuni."

"Sijasema batili. Nimesema haijulikani. Chukueni flaski kumi kabatini, msitie uyoga, mpime. Ikisoma sifuri, nitakwenda sokoni kuwaambia watu mimi ni muuza sumu."

"Sina nafasi."

"Nitasubiri ipatikane." Akaenda kukaa kwenye benchi la ukumbini.

"Hii ni ofisi ya serikali, Tabea."

"Ndiyo maana nakaa. Ingekuwa ya mtu binafsi ningepiga hodi."

Alikaa hadi saa tisa na nusu, walipofunga. Alhamisi alirudi saa moja na nusu, akakaa tena. Alileta ndizi za kuchoma na kitambaa cha kushona, akamwambia mlinzi mpya habari za walinzi wote waliomtangulia. Philemoni alipita mbele yake mara sita. Mara ya nne alijaribu kumpita kwa mlango wa nyuma, lakini mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa na makreti, akarudi.

Saa ya chakula cha mchana, wengine walipotoka, Allen alichukua flaski kumi kutoka kabatini kama zilivyokuwa. Alitia asidi na maji tu, akazichemsha, akapima. Saa tisa alitoka na karatasi, akaketi benchini kando ya Tabea badala ya kusimama mbele yake.

"Tatu ni safi," alisema. "Saba zina risasi. Moja, kama ningekuwa nimeweka uyoga ndani yake, ningeandika hamsini na nane." Alikuwa ameukunja mkono wa koti lake na kuukunjua mara nyingi. "Mama, hazikuwa na kitu ndani."

"Zilikuwa nacho. Ndicho ulichokipima."

Ijumaa Philemoni alimwita ofisini, akamwagizia chai. Allen alikuwepo, amesimama karibu na dirisha.

"Tabea, tumefanya kazi pamoja miaka mingi," Philemoni alianza. "Nimeziona namba za Allen. Sizikatai. Kwa hiyo nimeandika barua kwa kamati. Inasema, baada ya uchunguzi zaidi, uyoga wa Meru umeonekana kuwa salama kwa matumizi ya binadamu. Jumatatu uko sokoni na beseni zako. Na habari za flaski zinabaki humu ndani."

Barua ilikuwa mezani, imepigwa chapa, imeshagongwa mhuri. Tabea aliisoma. Ilikuwa na kila kitu alichokosa tangu Jumanne: meza yake, wateja wake, na wale wauza uyoga wanne ambao wangemsalimia tena. Angeweza kuikunja na kuiweka kwenye mkoba. Alijua pia kwamba Philemoni hakuwa mwizi. Hazina haikuwa imeleta fungu la kununulia hata asidi kwa mwaka mzima; bila mteja wa betri, taa za maabara zingezimwa.

"Salama kwa kipimo kipi?" aliuliza.

"Tabea."

"Namba za kwanza hazijulikani, tumekubaliana. Sasa za pili ziko wapi? Mmepima lini mkakuta salama?"

"Ulikuja hapa kutaka uyoga wako uachiliwe!"

"Nilikuja kutaka upimwe."

"Na ukipimwa ukaonekana mbaya?"

"Basi ni mbaya. Nitachuma kitu kingine. Lakini sitauza kwa barua hii. Ile ya kwanza iliniita muuza sumu bila kujua, na hii inaniita msafi bila kujua. Zote mbili ni moja."

Philemoni alimgeukia Allen. "Wewe saini hapa chini yangu, tumalize."

Allen aliitazama kalamu aliyonyooshewa. "Samahani, mzee. Ripoti ya kwanza ina jina langu, na nimekosea. Siwezi kusaini kwamba kitu ni salama na sijakipima."

"Na mimi Ijumaa ijayo nitakuwa kamatini," Tabea alisema. "Mkutano ni wa wazi. Nina swali moja tu: mstari wa sampuli tupu uko wapi? Nitauliza nikiwa nimesimama, na wakinikalisha nitauliza nimekaa."

Chai ilipoa. Mwishowe Philemoni aliivuta barua yake, akaichana mara mbili, akaitia kwenye pipa. "Mna siku saba," alisema. "Mashine nitawapa Jumanne na Jumatano. Na wewe si mtumishi hapa, sina fungu la kukulipa."

"Sijauliza."

Alivua saa ya mkononi, akaenda kutoa mafaili kwenye beseni la asidi.

Ilimchukua mchana wote. Alizitenga flaski zilizowahi kutumika kwa risasi ya mteja wa betri, akazipaka alama ya rangi nyekundu shingoni na kuzifungia kabati lake peke yake. Zilizobaki alizisugua, akavaa glovu ndefu, akazilaza katika asidi moja moja, akihakikisha hakuna iliyobaki na kiputo cha hewa ndani. Kibarua alisimama karibu akitazama.

"Mama, kwani hiki kiputo kina ubaya gani?"

"Penye kiputo asidi haijagusa. Pasipoguswa hapajaoshwa. Jumatatu njoo na shati la zamani, nitakuonyesha yote."

Zililala humo hadi Jumatatu.

Jumamosi alimpandisha Allen mlimani kwa mara ya pili. Matope yalikuwa ya kufika kwenye vifundo vya miguu, na Allen, aliyevaa viatu vya mjini, alianguka mara tatu kabla hawajafika kwenye malisho.

"Machame hakuna matope?" Tabea alimwuliza.

"Yapo, mama. Ila ya kwetu yananijua."

Safari hii kila kitu kilifanywa polepole. Kisu kilikuwa cha plastiki. Mifuko ilikuwa ya karatasi, mipya, na kila mmoja uliandikwa penseli kabla ya kutiwa kitu. Udongo ulichimbwa kwa kijiko cha mbao hadi kina cha kidole. Msituni, chini ya visiki, uyoga ulikuwa mdogo, wa kahawia, umejibana kama watoto kwenye benchi la kanisa. Kwenye malisho ulikuwa mpana, wa kuokota huku na kule.

Korongoni ulikuwa mzuri kuliko wote. Mvua ilikuwa imeuotesha mwingi, mweupe, mnene, laini, kando ya maji. Juu ya korongo, mita mia mbili hivi, ulionekana ukuta wa mabati wa uwanja wa kuyeyushia betri. Kutoka chini ya mabati hayo mfereji mwembamba wa maji ya kijivu uliteremka, ukaingia korongoni.

"Hapa unachuma sana?" Allen aliuliza.

"Nusu ya mabeseni yangu. Ni karibu na barabara."

"Na huo mfereji?"

Tabea aliutazama. Uwanja ule ulifunguliwa miaka miwili iliyopita, magari ya mitumba yalipoanza kuingia kwa wingi na betri zao kufa kwa wingi. Alikuwa ameuona mfereji huo mara nyingi. Kila mara alijiambia kwamba maji yanapita upande wa pili wa mawe. Sasa alisimama mahali pa kutazamia, na maji hayakuwa yakipita upande wa pili wa mawe.

"Andika," alisema. "Andika kwamba upo."

Jumatatu alisuuza flaski kwa maji yaliyokenekwa, mara tatu kila moja, akamsimamia kibarua kusuuza zilizobaki. Uyoga ulikaushwa katika oveni, ukasagwa katika kinu cha kauri, ukapimwa gramu moja moja. Jumanne, kabla hawajatia chochote, Tabea alimwambia Allen apime flaski kumi tupu. Alisimama nyuma yake mashine ikisoma. Sifuri. Sifuri. Mashine ilirudia neno hilo mara kumi. Tabea alikwenda kuosha mikono, na Allen aliona kwamba aliiosha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumatano mchana jedwali lilikamilika. Uyoga wa msituni: sifuri nukta sita, sifuri nukta saba, sifuri nukta sita. Wa kwenye malisho: moja nukta moja, sifuri nukta tisa, moja nukta mbili. Yote chini ya kikomo cha tatu, na sampuli za mahali pamoja zilikuwa zimeshikana kama zilivyopaswa.

Uyoga wa korongoni: thelathini na nne, thelathini na saba, thelathini na tano. Udongo wa korongoni: elfu mbili mia moja na arobaini.

"Rudia ya korongoni," Tabea alisema.

Allen alirudia kwa flaski nyingine. Thelathini na tano.

Tabea aliketi kwenye kiti cha mashine bila kuombwa. Mjukuu wake wa miaka minne, alimwambia Allen, hakupenda uyoga wa msituni kwa sababu ni mgumu. Alipenda wa korongoni. Alikuwa akimchemshia kila wiki tangu mvua zianze.

"Mama," Allen alisema taratibu, "damu inaweza kupimwa. Nitamwandikia mwenzangu wa hospitali. Mtoto akiacha kuula sasa, risasi hupungua mwilini."

"Hupungua kwa muda gani?"

"Sijui kwa hakika."

"Vizuri. Usiniambie usichokijua. Andika kwa mwenzako leo." Kisha akainuka. "Sasa ripoti."

Philemoni aliiandika mwenyewe, na hadi Alhamisi asubuhi ilikuwa nzuri, yenye mstari wa sampuli tupu mwishoni mwa jedwali, na aya nzima iliyokiri kosa la vyombo. Tabea aliisoma Kiingereza chake kwa msaada wa Allen hadi akafika kwenye maneno mawili ambayo Allen alimtafsiria.

"'Eneo la chini'," alisema. "Ni wapi hapo? Nusu ya Arusha ni chini."

"Kamati itaelewa," Philemoni alijibu.

"Mimi ndiye ninayechuma, na sielewi. Andika korongo lililo chini ya uwanja wa kuyeyushia betri, na mfereji unaotoka uwanjani. Tumeuona, umeandikwa kwenye daftari la Allen."

"Tabea, yule ni mteja. Wiki ijayo hatakuja tena. Huyu kibarua unayemfundisha, nitamlipa na nini? Unataka na mimi nipunguzwe kazi?"

"Kupunguzwa hakuui, Bwana Philemoni. Mimi niko hapa mbele yako."

Allen alikohoa, akageukia dirisha kuficha uso. Philemoni alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaitazama tena safu ile ya elfu mbili mia moja na arobaini. Alikuwa mkemia kabla ya kuwa mkuu wa ofisi. Alichukua kalamu, akakata maneno mawili, akaandika juu yake mstari mzima kwa mkono, kisha akasaini pembeni.

Ijumaa kamati ilikaa kwa saa mbili. Uyoga wa msituni na wa kwenye malisho uliruhusiwa. Korongo lilifungwa. Kuhusu uwanja wa betri, mwenyekiti alisema suala hilo litaangaliwa katika kikao kingine. Tabea alisimama akauliza ni kikao cha tarehe ngapi. Mwenyekiti alisema tarehe itapangwa. Tabea aliendelea kusimama. Watu walianza kucheka, kisha wakaacha, na baada ya muda wa aibu tarehe ilitajwa na kuandikwa.

Jumamosi soko la Kwa Mrombo lilikuwa limeshapata habari. Kandida alimpokea kwa vigelegele na kumsafishia meza. Wale wauza uyoga wanne walikuja kumshika mkono, mmoja baada ya mwingine. Tabea aliweka beseni moja tu, la msituni, nusu. Wateja wakaanza kujipanga.

"Subirini," alisema. "Kabla hamjanunua. Huu ni wa msituni, umepimwa, ni mzuri. Lakini tangu mvua zianze niliwauzia na wa korongoni, ule mweupe, laini. Nao umepimwa. Ule una risasi, mara kumi na zaidi ya kikomo. Niliuchuma mimi, nikauuza mimi."

Foleni ilirudi nyuma hatua moja.

"Mama Mika, umeshaachiliwa!" Kandida alinong'ona, akimvuta kitenge. "Nyamaza uuze!"

"Sikuachiliwa nije kunyamaza." Alipaza sauti zaidi. "Mwenye mkavu nyumbani asipike. Aniletee, mimi nitaupeleka ukapimwe. Na mwenye mtoto mdogo aliyeula aje tuzungumze, kuna daktari."

Wanaume wawili waliondoka wakisonya. Mwanamke mmoja alimwambia maneno ambayo Kandida aliyajibu kwa niaba yake, na kwa ukali zaidi. Mmoja wa wale wauza uyoga wanne alisema wazi kwamba Tabea ameharibu soko mara mbili katika mwezi mmoja. Tabea hakubishana naye. Alitoa mkobani kifurushi cha mifuko mipya ya karatasi na penseli, akavipanga mezani kando ya beseni, akangoja.

Foleni ilibaki na watu sita. Wa kwanza alikuwa mama wa makamo aliyembeba mtoto mgongoni. Alifungua pindo la khanga, akatoa kifungu cha uyoga mkavu, akauweka mezani kwa namna ya mtu anayerudisha kitu kilichoibwa.

Tabea aliuchukua mmoja, akaugeuza, akaukagua chini kwenye mikunjo, mahali ambapo tope hujificha. Lilikuwa la kijivu. Akafungua mfuko mpya, akashika penseli.

"Ulinunua siku gani?" aliuliza.